Ubao Ukatwe Nyeri, Kioo Kikatwe Giakanja

Picha zinazotundikwa ukutani katika nyumba za Tetu, kaunti ya Nyeri, hazifiki pale kwa bahati. Kuna ya harusi, kuna ya kijana aliyevaa joho siku ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi au cha Karatina, kuna Bikira Maria wa Konsolata katika nyumba za Wakatoliki, na mara nyingi, kubwa kuliko zote, kuna sura ya baba au nyanya aliyetangulia mbele ya haki, ile ile iliyobebwa mbele ya jeneza siku ya mazishi. Ukiingia dukani utakuta leseni ya kaunti na picha ya Rais. Kila serikali mpya inapoapishwa, kama ilivyokuwa Aprili 2013 na Septemba 2022, kuta za ofisi na maduka hubadilishwa sura, na mafundi wa fremu hupata kazi ya haraka. Kwa hiyo anayefikiria kufungua duka la fremu Giakanja, kituo cha biashara cha Tetu kilicho nje kidogo ya mji wa Nyeri, hana haja ya kuuliza kama wateja wapo. Aulize kama inafaa kujiunga na biashara yenye jina la mtu mwingine, kwa mpango wa franchaizi. Jibu langu ni kwamba inaweza kufaa, ila kwa sharti moja: asilipie jina. Alipie ubao uliokauka vizuri na kukatwa sawasawa.

Franchaizi ni makubaliano ambapo mwenye biashara inayojulikana humruhusu mtu mwingine atumie jina lake, rangi zake, vifaa vyake na utaratibu wake wa kazi. Anayeruhusiwa hutoa mtaji wake mwenyewe, hulipa ada ya kuingia, kisha kila mwezi hutoa fungu la mauzo, yaani mrabaha. Wakenya wengi wakisikia neno hilo hufikiria kuku wa KFC, walioingia Nairobi mwaka 2011. Lakini Nyeri imekuwa na mfano wake kwa miaka mingi: kiwanda cha Mount Kenya Bottlers, kilichotengeneza soda za Coca-Cola kwa ajili ya eneo hili kabla ya kuunganishwa na viwanda vya Eldoret na Kisii chini ya kampuni ya Almasi Beverages. Tazama jinsi biashara ile ilivyopangwa. Mwenye jina huko Marekani hakuhitaji kuhesabu chupa zilizouzwa kila kioski cha Othaya. Aliwauzia wenye viwanda kiini cha kinywaji, na faida yake ilikuwa ndani ya bei ya kiini hicho. Maji, sukari, chupa, malori na wafanyakazi vilikuwa mzigo wa kiwanda. Kiini kisipofika, hakuna soda, na kwa sababu hiyo kila upande ulikuwa na haja na mwenzake.

Sasa linganisha na historia ya fremu zenyewe. Marekani ilikuwa na maduka ya fremu ya franchaizi tangu miaka ya 1970. Moja ya majina yaliyovuma, Deck the Walls, lilianzia Houston mwaka 1979. Yaliwekwa katika majengo makubwa ya biashara, ambako kodi ya chumba ni kubwa na wapita njia ni wengi. Shida ni kwamba mtu hanunui fremu kwa kupita njia. Hata maduka yaliyomilikiwa na kampuni moja bila franchaizi yalilemewa: mwaka 2018 kampuni ya Michaels ilifunga maduka yote makubwa ya Aaron Brothers na kuihamishia kazi ya fremu ndani ya maduka yake mengine. Waliopata faida ya uhakika walikuwa kwingine. Mwaka 2002 Berkshire Hathaway, kampuni ya tajiri Warren Buffett, iliinunua Larson-Juhl, ambayo kazi yake ni kuwauzia mafundi mbao za fremu, na ikihitajika kuwakatia vipande kwa vipimo vya kila oda. Buffett hakununua mtandao wa maduka. Alimnunua anayeyauzia maduka. Naye Susan Tynan, aliyeanzisha Framebridge mwaka 2014, alianza bila duka hata moja: wateja waliagiza kwa intaneti, picha zikaenda kwa posta hadi karakana kubwa. Maduka yalifuata baadaye.

Kwa nini kukata ubao mahali pamoja kuwe na maana kubwa hivyo? Chukua kalamu. Mteja wa Giakanja ameleta picha ya sentimita 40 kwa 50, na amechagua ubao wenye upana wa sentimita 3. Kila pembe hukatwa kwa nyuzi 45, kwa hiyo ubao unaohitajika ni mzunguko wa picha pamoja na upana wa ubao mara nane: 180 na 24, jumla 204. Kama ubao una urefu wa mita 3, inabaki sentimita 96, ukiacha milimita chache zinazoliwa na msumeno kila unapopita. Mabaki hayo hayatoshi picha nyingine ya kiasi hicho. Yanatosha picha ndogo ya sentimita 13 kwa 18, inayotaka 86. Lakini ni nani Giakanja atakayeingia wiki hiyo na picha ndogo, akachagua ubao huo huo wa rangi hiyo hiyo? Mabaki yataegemea ukuta wa duka mpaka yapinde. Karibu theluthi ya ubao imekwenda, na fundi ameshalipia wote. Karakana moja mjini Nyeri inayopokea oda za Giakanja, Wamagana, Othaya, Karatina na Mukurweini itapata picha hiyo ndogo kabla ya jioni. Hapo ndipo penye pesa ya biashara hii. Ubao wa jina juu ya mlango hauongezi wala kupunguza kitu katika hesabu hiyo.

Jambo la pili linalofaa kufanywa mahali pamoja ni ukaushaji wa mbao. Milima yetu ina saipresi na mashamba yetu yana grevilea. Zote mbili zinafaa kwa fremu zikikaushwa. Zuio la ukataji miti lililowekwa Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023 lilipandisha bei na kuwafanya watu wengi wanunue mbao za shambani zilizopasuliwa juzi tu. Ubao mbichi husinyaa kwa upana wake wakati urefu wake haubadiliki sana, na kwa kuwa fremu ni vipande vinne vilivyokutana kwa mshazari, kila kipande kikipungua upana, pembe hufunguka kwa ndani. Fremu iliyotoka dukani ikiwa imefunga kabisa, baada ya miezi michache huonyesha ufa mwembamba kama wembe. Mteja haulaumu mti. Kukausha kwa subira kunahitaji ghala lenye hewa na mtu mwenye uwezo wa kuacha pesa yake ikae bila kuzunguka, na duka dogo la Giakanja halina nafasi hiyo wala subira hiyo ya mtaji. Mwenye franchaizi awe nayo, ama sivyo sioni analeta nini mezani.

Kuna kazi ambazo hazifai kupelekwa mjini, nazo ndizo zinazolipa duka la Giakanja uhai. Kioo ni ya kwanza. Kukikata kunahitaji almasi ya mkono, rula na mkono usiotetemeka. Kukisafirisha kikiwa kimekatwa vipande vyembamba ndani ya matatu ni kutafuta hasara. Kipelekwe kikiwa shiti nzima ndani ya kreti, kikatwe dukani. Ya pili ni ushauri, na hapa fundi mwerevu humwokoa mteja asiyejua. Picha ikigusana na kioo, unyevu wa Julai, wakati ukungu unashinda mchana kutwa upande wa Aberdare, hujikusanya kati ya vitu hivyo viwili na kuigandisha picha kwenye kioo. Ukijaribu kuibandua baada ya miaka, uso wa marehemu hubaki kwenye kioo. Dawa yake ni kadi nene inayozunguka picha na kuiachia nafasi ya hewa. Kadi yenyewe iwe ile isiyo na asidi, kwa maana ile ya bei rahisi hugeuka rangi ya chai na kuacha alama hiyo hiyo kwenye karatasi. Nyuma ya picha hadibodi itenganishwe nayo kwa karatasi safi kwa sababu hiyo hiyo. Mteja aliyeelezwa haya mara moja hulipa tofauti ya bei bila kununa, na humleta dada yake.

Tuje kwenye mrabaha. Tuseme, kwa makisio tu, fremu inauzwa shilingi 1,500, na baada ya vifaa, kodi ya chumba, stima na mshahara wa kijana wa kazi, mwenye duka anabaki na 300. Mwenye jina akidai asilimia 6 ya mauzo, ni shilingi 90. Kama duka limevuka mauzo ya shilingi milioni 1 kwa mwaka na liko chini ya kodi ya mauzo, Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kodi hiyo kutoka asilimia 1 hadi 3, na inatozwa kwenye mauzo bila kujali faida: shilingi 45 nyingine. Kati ya 300 zimebaki 165. Mrabaha wa asilimia ya mauzo una ubaya huo huo wa kodi hiyo: unachukua mwezi mzuri na mwezi mbaya kwa mkono mmoja. Isitoshe, anayeulipa anatakiwa kukata kodi ya zuio na kuipeleka kwa mamlaka ya mapato, KRA, asilimia 5 kama mwenye jina ni mkazi wa Kenya na 20 kama yuko nje. Mpango wa kiini cha soda ni wa haki zaidi. Faida ya mwenye franchaizi iwe ndani ya bei ya ubao uliokatwa, kadi na kioo. Giakanja wakiuza kidogo, wanunue kidogo, na yeye apate kidogo.

Atatokea wa kusema kwamba huo ni ujanja wa kumfunga fundi: ukishalazimika kununua kwa mtu mmoja, atakupandishia bei apendavyo. Hofu hiyo ina msingi, na Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi ya kumkinga; kilichopo ni mkataba wenyewe, sheria ya alama za biashara chini ya taasisi ya KIPI, na Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo pamoja na mengine inazuia msambazaji kumwekea muuzaji bei ya lazima ya kuuzia. Kwa hiyo mkataba useme wazi: bei ya ubao ikizidi ile ya soko la Nyeri kwa kiwango kilichokubaliwa, mwenye duka ana ruhusa ya kununua kwingine ubao wa ubora ule ule. Useme pia mpaka wa eneo, ili duka jingine la jina hilo lisifunguliwe Wamagana mwaka unaofuata.

Wengine watauliza kwa nini tusiende njia tunayoijua. Wakulima wa kahawa wa Giakanja wana chama chao cha ushirika, na hawakuhitaji kukodi jina la mtu ili wamiliki kiwanda cha kumenya kahawa. Mafundi wa fremu nao wangenunua mashine ya kukatia pembe kwa pamoja. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na mahali penye mafundi wa kutosha ningeichagua. Lakini sheria ya vyama vya ushirika inataka watu 10 kuandikisha chama cha msingi, na kuwakusanya mafundi 10 wa fremu katika Tetu nzima si kazi ndogo. Kahawa huiva kwa msimu na kila mkulima huleta zao lile lile. Fremu huja moja moja, kila moja na kipimo chake, na lazima pawepo mtu mmoja wa kukataa kazi iliyoharibika. Katika chama kichanga cha watu wanaojuana, sioni nani atakayemrudishia mwenzake fremu yake akamwambia airudie.

Fremu za plastiki kutoka China nazo hazinitishi sana. Ni rahisi, ni nyepesi, na kwa picha ya A4 zinatosha. Fundi asishindane nazo hapo, aziuze tu. Lakini picha ya babu ya mwaka 1958 haikupigwa kwa kipimo cha A4, na cheti cha zamani kina ukubwa wake. Simu vilevile zimepunguza uchapishaji wa picha za kila siku, ila msiba na mahafali bado vinataka karatasi. Na anayedhani kutia cheti laminesheni ndiyo njia ya mkato ajue kwamba gundi ile ya moto haibanduki tena, wakati fremu hufunguliwa dakika chache na karatasi ikatoka ilivyoingia.

Limebaki suala ambalo mikataba ya namna hii huweza kulisahau: picha zisizochukuliwa. Mteja hutoa malipo ya awali, hupotea, na fremu inabaki. Kenya ina sheria ya kushughulikia mali iliyoachwa kwa fundi, inayotaka mwenye mali ajulishwe kabla haijauzwa, lakini nani atanunua picha ya harusi ya watu asiowajua? Kioo kitatumika tena, hadibodi itatumika tena. Ubao uliokatwa Nyeri kwa picha ya sentimita 37 kwa 52 hautamfaa mwingine, na karakana haitaupokea. Malipo ya awali yasipungue gharama ya ubao huo, na mkataba uandike kwamba oda isiyo na malipo hayo haikatwi, hata kama mteja ni binamu wa mwenye duka.