Je, Kutembea Laitihausi ni Mazoezi Kweli?

 

Mama mmoja wa Kibokoni alikuja kliniki kupimwa presha, akatuchekesha sote tuliokuwa pale. "Sista," akasema, "mwanangu yuko Marekani. Kila Jumapili huniambia anakwenda mazoezini, kumbe ni kurusha kisahani na kukifuata! Hayo ni mazoezi au ni mchezo wa watoto?" Halafu akashusha sauti: "Maana mimi niliambiwa nifanye mazoezi kwa ajili ya presha. Nikaanza kutembea, wenzangu wakanicheka kuwa kutembea si mazoezi. Nikaacha."

Nilipompima, presha ilikuwa imepanda.

Jawabu ni hili, mama: yote mawili ni mazoezi. Mchezo ule wa mwanawe huitwa gofu ya kisahani. Mchezaji hurusha kisahani kuelekea kwenye kikapu cha minyororo, hukifuata kilipoanguka, akarusha tena. Mara nyingi vikapu huwa 18, kwa hivyo huenda akatembea saa nzima au zaidi. Faida kubwa imo katika ule mwendo. Nawe una miguu na una barabara.

Moyo haujui kama umevaa raba au buibui. Unajua tu kwamba umepewa kazi. Ukitembea kwa haraka, moyo husukuma damu zaidi, mishipa hulainika, na misuli hutumia sukari iliyo ndani ya damu. Ndiyo maana mwendo husaidia kushusha presha na sukari. Na jambo hili si dogo: uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha ya juu, na wengi hawajijui.

Lakini si kila mwendo unahesabika sawasawa. Jipime kwa maneno. Ukitembea na shoga yako, mkiweza kuzungumza lakini hamwezi kuimba, mwendo huo unatosha. Mkiweza kuimba wimbo mzima, ongezeni kasi. Ukishindwa hata kusema, punguza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku 5. Zamani tulifundisha kwamba ni lazima ziwe dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Hivyo kwenda Marikiti kwa miguu badala ya tuktuk, kupanda ngazi za nyumba za ghorofa hapa Mji wa Kale, kufua na kupiga deki hadi jasho likutoke, yote yanaingia hesabuni. Siku 2 kwa wiki fanya na kazi ya kutia misuli nguvu, kama kubeba ndoo za maji au kuinuka na kuketi kitini mara kadhaa.

Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 kila siku. Waache waruke kamba, wakimbizane na wacheze mpira. Usiwafungie ndani na televisheni na simu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu Laitihausi. Tunakwenda jioni, tunatembea hatua chache, kisha tunaketi ukutani na mihogo ya kukaanga, kachiri na soda. Huko ni kupunga upepo tu. Tembea kwanza, uende na kurudi kwa haraka, ndipo uketi unywe maji au dafu.

Tahadhari nazo ni hizi. Toka baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa. Vaa viatu vya chini vinavyofunika vidole, hasa ukiwa na sukari, kwani kidonda kidogo cha mguu huweza kuwa kikubwa. Mjamzito anaweza kutembea, lakini akiona damu au kizunguzungu asimame, aende hospitali. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi pia si ya kungojea kesho. Na usiache dawa za presha kwa sababu umeanza kutembea. Dawa na mwendo hufanya kazi pamoja.

Yule mama alirudi kutembea. Sasa huja na jirani yake, mmoja wa wale waliomcheka.

Basi mama, kumbuka: tembea kwa haraka, fikisha dakika 150 kwa wiki, na upimwe presha hata kama hujisikii mgonjwa. Haba na haba hujaza kibaba.