Jike Anapogeuka Dume: Chewa wa Bahari za Nchi Jirani

Sheria nyingi za uvuvi duniani zimejengwa juu ya wazo moja jepesi: samaki mdogo aachwe akue, mkubwa avuliwe. Askari wa doria ya baharini hupewa rula na kipimo cha matundu ya wavu, na akimkuta mvuvi ana samaki wakubwa watupu humwachia aende zake. Kwa samaki wengi kipimo hicho kinafaa. Kwa chewa hakitoshi, na sababu yake imo ndani ya mwili wa samaki mwenyewe.

Kamba wanaovuliwa katika Benki ya Sofala, nchini Msumbiji, ni wa jamii ambayo jinsia yake huamuliwa na urithi tangu yai linaporutubishwa. Kwa binadamu, baba ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, X na Y. Kwa kamba wa jamii hiyo waliokwisha kuchunguzwa mambo ni kinyume: jike ndiye mwenye Z na W, na dume ana Z mbili. Hata hivyo, aliyezaliwa jike hufa jike. Kwa hiyo Msumbiji inapofunga uvuvi wa kamba kwa miezi kadhaa ili wadogo wapate kukua, majike na madume hunufaika pamoja.

Chewa hana amri ya namna hiyo. Yule mkubwa mwenye madoa ya kahawia, anayevuliwa Kenya hadi Shelisheli, huanza utu uzima wake akiwa jike, hutaga mayai kwa miaka kadhaa, kisha baadhi yao hugeuka madume. Jeni za kazi zote mbili anazo tangu mwanzo. Kinachobadilika ni zipi zilizo macho na zipi zilizolala. Akiwa jike, jeni moja hutengeneza kimeng'enya kiitwacho aromatesi, ambacho hugeuza homoni ya kiume kuwa ya kike. Jeni hiyo ikinyamaza, homoni ya kike hupungua, ovari hunyauka, na jeni nyingine, kama ile iitwayo dmrt1, hushika kazi ya kujenga korodani mahali pale pale. Wataalamu wa Japani walilithibitisha jambo hilo kwa aina ya chewa mdogo ambaye yumo pia katika miamba ya Afrika Mashariki: walipokizuia kimeng'enya hicho kwa dawa, jike aligeuka dume.

Mtu aweza kusema kwamba basi hakuna hasara, kwa kuwa madume wakivuliwa majike watashika nafasi zao. Hasara ipo. Mageuzi hayo huchukua muda, na jike aliyegeuka mapema hatatoa tena mayai ambayo angeyatoa. Ushahidi umepatikana Afrika Kusini, kwa samaki mwingine mwenye tabia hiyo hiyo, aitwaye roman. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1993 uliwalinganisha samaki wa hifadhi ya Tsitsikamma, iliyoanzishwa mwaka 1964, na wale wa maji yanayovuliwa. Nje ya hifadhi madume walikuwa wachache zaidi kwa uwiano, na samaki waligeuka wakiwa na umbo dogo.

Rula, basi, huwalinda majike wachanga na kuwaacha madume wote mikononi mwa mvuvi, kwa kuwa madume ndio wakubwa. Wala maabara haisaidii sana hapa. Tangu mwaka 2017 tume ya pamoja ya Marekani na Kanada hupima vipande vya mapezi ya samaki aitwaye halibati ili kujua ni majike wangapi walioletwa bandarini, hata kama wamekwisha kupasuliwa matumbo. Chewa akishatolewa matumbo, kipimo cha namna hiyo hakiwezi kueleza alikuwa nani, maana jeni zake za ujike na za udume ni zile zile.

Lakini chewa ana udhaifu mmoja ambao mvuvi anaujua vizuri kuliko ofisa. Hukusanyika. Katika kisiwa cha Farquhar, kusini mwa Shelisheli, chewa wa madoa hukutana kuzaana wakati wa kaskazi, katika siku zinazokaribia mwezi mwandamo, mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Makundi ya namna hiyo yameonekana pia kusini mwa pwani ya Kenya. Mashua moja yenye mishipi michache, ikifika usiku ule, yaweza kuondoka na madume wa eneo kubwa la bahari, na kila samaki aliyemo ni halali kwa rula. Baruti ikitupwa hapo, ni balaa zaidi.

Ndiyo maana kinachotakiwa kulindwa kwa chewa ni mahali na siku. Doria inayotoka bila kalenda ya mwezi hufika mwambani juma moja baada ya samaki kwisha kutawanyika au kwisha kuvuliwa. Na mayai hayatambui mipaka: mkondo wa pwani hukimbia kutoka Tanzania kuelekea Kenya, na watoto wa chewa huelea majuma kadhaa kabla ya kutua mwambani.