Kifafa: kipimo cha kwanza ni aliyeshuhudia

Mtu akianguka kifafa barabarani, kila aliyepo ana la kufanya, na mengi kati ya hayo ni makosa. Mmoja anatafuta kijiko cha kumtia mdomoni, mwingine anamnusisha kitunguu, wa tatu anamkandamiza miguu. Wengine wanarudi nyuma kwa kuliogopa povu. Karibu hakuna anayetazama saa na kuangalia kwa makini kinachotokea, ilhali hayo ndiyo daktari atakayoyaulizia.

Miongoni mwa maradhi ya mfumo wa fahamu, kiharusi huua watu wengi zaidi, na maumivu ya kichwa, kikiwamo kipandauso, huwasumbua wengi zaidi. Kifafa ndicho kinachofichwa kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi nacho, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo. Nyingi zikifyatua umeme huo kwa wakati mmoja bila mpangilio, mtu huanguka na kukakamaa, au hukodoa macho tu sekunde chache asijibu akiitwa.

Wagonjwa wengi huja wakidai kipimo cha umeme wa ubongo (EEG) au picha ya CT scan. Vipimo hivyo vina kazi yake, lakini mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa EEG leo na majibu yakatoka safi kabisa, kwa sababu mashine husoma dakika zile tu alizolala pale. Ugonjwa hutambuliwa zaidi kwa maelezo.

Tuseme mama amemleta kijana wake wa miaka 16. “Alianguka, akatoa povu,” anasema, na kwake habari imeisha. Kwa daktari ndiyo kwanza inaanza. Alikuwa amesimama juani kwa muda mrefu? Kizunguzungu na jasho vilitangulia? Basi huenda alizirai tu. Macho yalikuwa wazi au yamefumbwa? Kwenye kifafa kwa kawaida huwa wazi. Aliyeyafumba kwa nguvu muda wote huenda ana tatizo jingine, mara nyingi la msongo wa mawazo, nalo lina matibabu yake. Mkono upi ulianza kutikisika? Ukianza wa kulia, chanzo hutafutwa upande wa kushoto wa ubongo. Alijing’ata ulimi pembeni? Baada ya hapo alizinduka mara moja, au alikaa nusu saa hajitambui? Mama asiyekuwapo siku hiyo hawezi kuyajibu. Rafiki aliyerekodi video kwa simu ana msaada kuliko ndugu watano waliosimuliwa.

Kwa nini huku kwetu kifafa ni kingi? Sababu nyingi zinazuilika: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali za bodaboda. Tegu wa nguruwe naye yumo, na hapa watu huchanganya mambo. Nyama isiyoiva vizuri humpa mlaji mnyoo wa tumboni. Malengelenge ya ubongoni hutokana na mayai ya mnyoo huyo, yanayotoka na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa na kuingia kwenye maji, mboga au mikono. Kwa hiyo hata asiyewahi kuonja kitimoto maishani anaweza kuyapata, na choo bora ni kinga ya kifafa.

Mahenge, mkoani Morogoro, kuna kisa cha pekee. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa sababu walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa wasije wakaambukizwa. Aliwaona pia watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia. Leo watafiti wanauhusisha ugonjwa huo wa kuinamisha kichwa na mnyoo anayeenezwa na usubi wa mitoni, ingawa namna anavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa. Kuambukizwa kwa povu, hata hivyo, hakupo.

Dawa ipo, na si ghali. Fenobabitali imetumika tangu 1912 na bado inatolewa katika vituo vyetu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kinachoharibu ni dawa kuisha kituoni, au mgonjwa kuiacha ghafla kwa kuwa “amepona.” Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege lisilokatika. Hupunguzwa taratibu, kwa kawaida baada ya angalau miaka miwili bila kuanguka, na daktari ndiye anayeamua.

Daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu anahitajika dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kumezwa sawasawa zikishindwa, kifafa kikianza ukubwani, au upande mmoja wa mwili ukilegea. Mwanamke anayetumia dawa ya kifafa iitwayo valproeti aende kabla ya kubeba mimba, maana dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiikatishe mwenyewe.

Atakayekuwapo mtu akianguka amwondolee vitu vya hatari, amlaze ubavu, asimtie chochote mdomoni, na ahesabu dakika. Zikipita tano bila kukoma, ni hospitali mara moja. Na siku ya rufaa Muhimbili, KCMC au Bugando, mgonjwa abebe pakiti za dawa zote alizowahi kumeza na aongozane na huyo aliyemwona.