Kuyasafisha Maji ya Lambo

Wenye kalamu na washike kalamu. Wenye kitabu hiki na wafuate maneno kwa kidole, pole pole.

Maji ya lambo mwayajua ninyi kuliko mimi. Mvua ikinyesha huja na tope la mbugani, rangi yake kama chai ya maziwa. Mama huyateka jioni, huyaacha katika ndoo usiku kucha, na asubuhi bado ni chai ya maziwa. Mchanga hutua chini upesi. Kwa nini tope lile halitui?

Udongo mweusi wa mbuga una chembe ndogo mno. Kila chembe ina umeme kidogo juu yake, na chembe zote zina umeme wa namna moja. Vitu vyenye umeme wa namna moja husukumana, kama wale mafahali wawili wa zizi moja. Basi chembe hazikutani, hazishikani, hazipati uzito. Huelea tu siku nyingi.

Andikeni neno hili: SHABU. Shabu ni lile jiwe jeupe ambalo kinyozi hupaka penye mkwaruzo ili damu ikome. Shabu ikiyeyuka katika maji hutoa umeme wa namna ya pili. Umeme huo huvunja ugomvi wa chembe. Tope huanza kugandana vipande vipande, mfano wa maziwa yanayoganda, na vipande vikiwa vizito hutua chini.

Je, tutie kiasi gani? Watu wengi hukosea hapa, kwa kuwa maji ya lambo la Januari si sawa na maji ya Julai. Kwa hiyo usiulize jirani. Yaulize maji yenyewe. Saga shabu. Chukua kijiko kimoja cha chai, kisicho na kilima, ukiyeyushe katika lita moja ya maji safi. Hayo ndiyo maji ya shabu. Sasa weka chupa tatu zinazoonyesha ndani, kila moja na lita moja ya maji ya lambo. Ya kwanza itie kijiko kimoja cha maji ya shabu, ya pili vijiko viwili, ya tatu vijiko vitatu. Tikisa kila chupa kwa nguvu muda wa dakika moja, kisha izungushe taratibu dakika tano, uiache saa nzima bila kuigusa.

Tazama. Tuseme ya kwanza bado ina ukungu, ya pili ni safi, ya tatu ni safi vile vile. Basi chagua ya pili, maana shabu ya ziada ni hasara, na huyafanya maji yawe machachu yenye kukaza ulimi. Lita moja ilitaka vijiko viwili. Debe la lita 20 litataka vijiko 40. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo ni mililita 200, karibu bilauri moja. Mnaona jinsi hesabu za juma lililopita zinavyofanya kazi ndani ya ndoo!

Asiye na shabu aweza kutumia mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa. Nazo hugandisha tope. Lakini unga wa mbegu ni chakula, nacho huoza, kwa hiyo maji hayo yasilale zaidi ya siku moja.

Mimina maji ya juu taratibu, uyapitishe katika kitambaa safi, tope libaki chini. Sasa yanang'aa. Je, yanafaa kunywewa? Bado! Kipindupindu hakina rangi. Mwezi wa Agosti 2015 kilizuka Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, na maji yaliyokileta nyumbani mara nyingi hayakuwa na dalili ya kumtia mtu shaka.

Kuchemsha kwafaa sana. Wazee wenu wengine walifundishwa hivyo redioni mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili waliifuata katika vikundi kama hiki chenu. Lakini kuni za Shinyanga mwazijua. Dawa ya pili ni KLORINI. Liandikeni.

Klorini huua vijidudu, nayo huliwa na uchafu. Ukiitia katika maji ya tope, tope huila yote, na vijidudu husalimika. Ndiyo sababu ya kutanguliza shabu. Tena iko sababu nyingine. Maji hupimwa uchachu wake kwa namba kutoka 0 mpaka 14. Saba ni katikati. Chini ya saba ni uchachu kama wa ndimu, juu ya saba ni magadi. Maji yakipita 8, klorini hudhoofika. Shabu hupunguza magadi kidogo, kwa hiyo humtayarishia klorini njia. Watunzaji wa mabwawa ya kuogelea ya hotelini hupima namba hiyo kila siku, wakiitaka iwe kati ya 7.2 na 7.8. Wao wana bwawa, ninyi mna ndoo, lakini elimu ni ile ile.

Sasa sikilizeni vizuri. Klorini ya dukani si ya namna moja. Kiko kidonge cha lita moja, kiko cha lita 20, na kwa macho vyaweza kufanana. Kidonge kidogo katika debe ni kazi bure, na mtoto ataharisha. Kidonge kikubwa katika lita moja hakinyweki. Namba imeandikwa kwenye karatasi yake. Isome mwenyewe, usimwachie mwenye duka. Na ule unga mkali wa kutia katika mabwawa ya kuogelea usiutumie kwa maji ya kunywa, wala usiuchanganye na dawa nyingine yoyote, maana waweza kutoa hewa ya sumu.

Baada ya kutia dawa, funika, ngoja dakika 30. Kisha nusa. Harufu ndogo ya klorini ni dalili njema: dawa imebaki ya kulinda maji mpaka kesho. Pasipo harufu yoyote, huenda uchafu umeila yote.

Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria hufika Shinyanga na Kahama kwa bomba kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi. Mwenye bomba amepunguziwa kazi, lakini ndoo chafu huharibu hata maji ya bomba.

Yako mambo ambayo shabu ya bilauri moja na klorini haziyawezi. Baadhi ya visima virefu vya mkoa wetu vina floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji hupungua na floridi hubaki. Na kule Geita, penye kuoshwa dhahabu kwa zebaki, usiteke kabisa. Maji ya namna hizo hupimwa na wataalamu wa maji, nanyi mna haki ya kuomba kisima chenu kipimwe.

Kazi ya kuandika. Chupa ya tatu, yenye vijiko vitatu, ndiyo pekee iliyokuwa safi. Ndoo yako ni ya lita 10. Utatia vijiko vingapi vya maji ya shabu, na ni mililita ngapi? Andika jibu kwa maneno, kisha kwa namba, ulinganishe na mwenzako kabla ya kumwonyesha mwalimu wa kikundi.