PAPA NOELI, KINYAGO NA MTOTO WA MIAKA MITATU



Kila mwezi wa kumi na mbili, hapa Goma, tunaona mtu amevaa kanzu nyekundu na ndevu za pamba, amesimama mbele ya duka ao katika sikukuu ya watoto. Wazazi wanapanga mstari ili watoto wapigwe picha naye. Wengine wanacheka, wengine wanalia mpaka wanakosa pumzi, na mkubwa mmoja hatakosa kusema: "Mumuache, mutoto hajue kitu." Basi ulizo ni hili: mtoto mdogo anasadiki kweli kwamba yule ni Papa Noeli mwenyewe, ao anaona tu tonton fulani aliyejifunika? Sisi wa seksio ya pedagojia tuliligusa katika somo la psikolojia. Nimeona vema kuliandika hapa kwa sababu sikukuu ya wadogo wetu wa materneli inakaribia, na mmoja wetu wa mwaka wa mwisho ndiye atakayepewa ile kanzu.

Tuanze na paka. Mwaka wa 1969 mama mmoja wa Marekani, Rheta DeVries, alitangaza uchunguzi alioufanya na watoto wa miaka mitatu mpaka sita. Alikuwa na paka mpole, jina lake Maynard. Mtoto alionyeshwa yule paka, akampapasa, wakazoeana. Kisha kichwa cha paka kikafichwa nyuma ya kizuizi, mkia ukabaki unaonekana, na paka akavikwa uso wa mbwa mkali. Akatokea tena na sura ya mbwa. Mtoto akaulizwa: sasa huyu ni mnyama gani? Anaweza kubweka? Wengi wa miaka mitatu walijibu kwamba amekwisha kuwa mbwa, na wengine waliogopa kumkaribia. Wa miaka sita, wengi walisema ni paka yule yule, amevikwa tu uso.

Angalieni vizuri ule mkia. Haukutoka machoni pao hata kidogo. Mtoto wa miaka mitatu aliuona, alijua ni wa paka, na bado kwake sura iliyo mbele ndiyo iliyoshinda. Si kwamba ni mjinga. Akili yake haijashika bado kwamba kitu kinaweza kuonekana hivi na kuwa vile. Mmarekani mwingine, John Flavell, pamoja na wenzake, katika miaka ya 1980 waliwapa watoto sponji iliyotengenezwa na kupakwa rangi kama jiwe. Ukiitazama, jiwe kabisa, ukiiminya, sponji. Mtoto wa miaka mitatu akiisha kuishika anasema: ni sponji, na inaonekana kama sponji. Anaweza kushika jibu moja tu kwa mara moja. Wa miaka minne ao mitano ndio wanaanza kusema: inaonekana kama jiwe, lakini ni sponji.

Sasa maneno ya kulia. Mara nyingi tunawaza mtoto analia kwa sababu anasadiki kwamba yule ni mtu mbaya. Mimi ninaona sababu iko chini zaidi. Mwaka wa 1978 Edward Tronick na wenzake walimwomba mama acheze na mtoto wake mchanga, halafu ghafula akae na uso usiojongea, bila kucheka wala kukunja uso. Mtoto alijaribu kumrudisha mama kwa kucheka na kwa mikono. Alipoona uso haumjibu, alianza kuhangaika na kugeuka upande. Na huyo alikuwa mama yake! Sasa kinyago, ao ndevu za pamba zinazofunika mdomo wote, ni uso usiojibu, tena juu ya mtu mrefu anayesema kwa sauti nzito. Kabla mtoto hajajiuliza kama ni wa kweli ao wa uongo, mwili wake umekwisha kukataa.

Wazungu wamefanya biashara kubwa na mambo haya. Huko California, mwaka wa 1955, Walt Disney alifungua bustani ya michezo inayoitwa Disneyland, na mwaka wa 1992 nyingine ikafunguliwa karibu na Paris. Mule wafanyakazi wanavaa mwili mzima wa panya Mickey na wenzake. Sheria yao ni kali: usivue kichwa mbele ya watoto. Na wengi wa wale waliofunikwa uso hawasemi, wanatumia mikono tu, maana sauti ingefunua yote. Ni kusema wenye bustani wanajua vizuri kwamba mtoto wa miaka mitano yuko anachunguza.

Ndiyo, anachunguza. Katika staji niliyofanya katika shule moja ya mji, msichana wa miaka mitano hivi aliniambia juu ya Papa Noeli wao: "Ule haiko Papa Noeli, niliona viatu yake. Ni tonton. Papa Noeli mwenyewe alimutuma." Nimewaza sana juu ya jibu lile. Alikwisha kumtambua mtu chini ya kanzu, lakini hakumtupa Papa Noeli. Alimhamisha tu mahali pengine, mbali, ambako viatu havionekani. Kwa hiyo wale wanaosema "watoto wanadanganywa na kanzu" wanakosea kwa nusu. Kanzu inamdanganya wa miaka mitatu. Yule wa miaka mitano anashikwa na neno la baba, mama, mwalimu na dada yake mkubwa, ambao wote wanamwambia neno moja. Kwake ni sawa vile sisi tunavyosadiki kwamba jua ni kubwa kuliko dunia: hatujalipima, tumeambiwa na watu tunaowaamini. Kwa miaka saba ao minane hivi wengi wanajifunulia wenyewe, kwa kuuliza namna gani mtu mmoja anafika katika nyumba zote usiku mmoja.

Kuna watu ambao walilipangia jambo hili siku yake. Wamakonde, kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji, wana kinyago cha mti mwepesi kinachoitwa lipiko, kinachoingizwa kichwani kama kofia, na mchezaji anafunikwa mwili wote. Zamani wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo ni mzimu. Kijana alipoingia jandoni, ni kusema kambi ya tohara, alionyeshwa kwamba ndani ni mtu wa kijiji, naye akapewa siri ile aichunge. Kule kujua ukweli kulikuwa ni kuingia katika ukubwa. Kwetu mjini hakuna siku hiyo. Mtoto anaambiwa na mwenzake katika rekreasyo, huku anachekwa.

Na tena kuna wale wanaotumia kanzu kwa kutisha. Santa Claus wa Waamerika jina lake linatoka kwa Sinterklaas wa Waholanzi, ndiye Nikolao, askofu wa Mira wa karne ya nne, katika nchi inayoitwa leo Uturuki. Wabelgiji walileta hapa Kongo siku yake, tarehe 6 desemba, pamoja na mtumishi wake Père Fouettard, mwenye fimbo na uso uliopakwa weusi (juu ya nini weusi, mtajiuliza wenyewe). Wakubwa wengine wamebaki na ile fimbo tu: "Ukilia, atakubeba." Kumwambia hivyo mtoto ambaye kwake paka amegeuka mbwa si mchezo. Anasadiki yote, na usiku hawezi kulala. Tena katika mji wetu, ambako watoto wameona watu wengi wenye mavazi ya kuogopesha, sioni faida ya kuwaongezea mmoja.

Kwa sikukuu yetu ninaomba mambo machache. Anayevaa kanzu aivae mbele ya watoto, polepole, aanze na viatu, ndevu ziwe za mwisho. Kabla ya hapo ndevu zipitishwe mkono kwa mkono, kila mtoto aguse ile pamba. Asiyetaka kukaribia asibebwe kwa nguvu kwa ajili ya picha; apewe bonbon yake pale alipo. Na mtoto akiuliza, "Ni wewe kweli?", aambiwe jina la yule aliye ndani, halafu mchezo uendelee, watoto wanajua kucheza na kitu wanachojua si cha kweli, kila siku wanapika udongo na wanakula kwa mdomo mtupu.

Anayekubali kuvaa aje kuniona kabla ya siku ya ijumaa. Asiwe na sauti nzito sana.