Mto Msimbazi Unahitaji Ramani Mbili

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salender. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam. Tangu hapo, mvua kubwa zikinyesha Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mjadala unarudi palepale: nani ahame mabondeni? Hilo ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni hii: maji yakija, yatulie wapi? Kila nusu ina ramani yake.

Ramani ya kwanza ni ya hatari. Wengi huamini kuwa nyumba iliyo juu zaidi ya usawa wa bahari ndiyo salama zaidi. Sivyo. Nyumba yaweza kuwa mita 40 juu ya bahari lakini mita moja tu juu ya kijito kinachopita nyuma ya ua. Hiyo ndiyo huingiliwa na maji mapema. Kwa hiyo tunapima kila eneo limeinuka kiasi gani kutoka mkondo ulio karibu nalo, halafu tunaangalia upana wa bonde, wingi wa mabati na lami visivyopitisha maji kwenda ardhini, na hali ya mitaro.

Vipimo vya setilaiti vinavyopatikana bure aghalabu huigawa ardhi katika vipande vya mita 30 kwa 30. Kule Tandale, mtaa mwingine wa jiji hilo, kipande kimoja hubeba nyumba kadhaa, uchochoro na mtaro, na vyote hupewa kimo kimoja. Ndiyo maana mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe. Walipita mtaa kwa mtaa wakiandika kina na upana wa mitaro, na wakiwauliza wenyeji maji hufika wapi. Mstari wa tope uliobaki ukutani, chini kidogo ya dirisha, ni kipimo ambacho setilaiti haikioni, na mjumbe wa shina anaujua mwaka wake.

Ramani ya pili inatafuta mahali pa kurudisha ardhioevu. Sifa za mahali hapo ni nne: ardhi tambarare, udongo unaotunza maji, njia ya kuunganika na mto, na eneo lisilojengwa au ambalo wakazi wake wanaweza kuhamishwa kwa haki. Mara nyingi eneo lenye alama nyekundu kwenye ramani ya kwanza ndilo lenye alama ya kijani kwenye ya pili.

Faida ya ardhioevu inahesabika. Hekta moja ikihifadhi maji ya kina cha nusu mita, hayo ni lita milioni 5, sawa na maboza 500 ya lita 10,000. Matete na nyasi hupunguza kasi ya maji, mchanga ukatua kabla haujaziba madaraja huko chini. Ila mahali pa hifadhi ni muhimu. Mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa wakati wa bamvua, maji ya mto hukosa pa kutokea. Hekta za juu, kabla ya Kigogo, zitafanya kazi ambayo mikoko ya Salender peke yake haiiwezi. Na taka zisipozolewa, ardhioevu hiyo itageuka dampo.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na mpango huo unahusisha daraja la Jangwani na bustani kubwa ya jiji. Ni hatua njema. Lakini bonde halijengwi na mradi mmoja. Linaharibiwa, au linaokolewa, kiwanja kwa kiwanja. Ramani zote mbili zibandikwe kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa, na kibali cha ujenzi kisitolewe kabla hazijatazamwa. Anayehamishwa alipwe fidia ya kweli na apewe mahali panapofikika kazini na shuleni, kwa sababu asipopata hayo atarudi bondeni. Kumhamisha mtu kisha kuliacha eneo lake wazi ni kumkaribisha mjenzi mwingine. Eneo hilo likabidhiwe maji, na lilindwe kisheria kama barabara inavyolindwa.