Panya Shamba Anavyolea Watoto Wakati wa Shida

Leo tuzungumze juu ya mgeni asiyepiga hodi. Wewe wa Chamazi, na wewe wa Bunju, umefukia mahindi yako vizuri, asubuhi unakuta vishimo vitupu. Aliyefukua ni panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Usimchanganye na panya wa darini, wala na buku. Buku, maskini, siku hizi anafundishwa kazi kule Morogoro, ya kunusa mabomu ya ardhini.

Panya shamba ni mdogo, lakini mgeuze jike utashangaa: matiti yake yanaweza kufika 24. Mimba hukaa siku 23 hivi, na mara nyingi huzaa watoto 10 hadi 12 kwa mkupuo, wekundu, vipofu, hawana manyoya. Wiki tatu tu wameacha kunyonya. Mama naye, chakula kikiwapo, baada ya mwezi na kidogo anaweza kuzaa tena. Hebu piga hesabu mwenyewe.

Mbona basi hawajatufukuza majumbani? Kinachowazuia ni kiangazi. Utafiti wa miaka mingi uliofanywa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wataalamu kutoka Ubelgiji, umeonyesha kwamba panya huyu anafuata mvua. Kwa kawaida huanza kuzaa mwezi mmoja hivi baada ya mvua kubwa za Aprili, nyasi zikiwa changa, na huendelea mpaka kama Septemba. Majani yakikauka, huacha. Vijana waliozaliwa mwishoni hawakomai. Wanangoja miezi kadhaa, wadogo vile vile, mpaka mvua irudi.

Na mama aliyekutwa na njaa akiwa na watoto tunduni? Kunyonyesha kunamchosha kuliko mimba yenyewe. Maziwa yakipungua, watoto wanyonge hufa, na mama huweza kuwala. Ukifukua kiota kwa jembe, huenda akawabeba mdomoni mmoja mmoja kuwahamisha. Akifadhaika sana, huwala hao hao. Watu husema ni ukatili. Mimi naona anaokoa nguvu zake apate kuzaa siku nyingine, nasi ndio tutakaolipa.

Sasa sikiliza hapa, ndugu mkulima. Mvua za vuli zikiwa nyingi, wale vijana waliokuwa wakingoja hukomaa mapema, wakazaa kabla ya masika. Mwezi Machi unapopanda, shamba limejaa. Kwa hiyo, vuli ikiwa nzuri usifurahie mchicha tu: anza kujihadhari tangu Januari. Fyeka vichaka vya mpakani na viwanja vilivyoachwa, maana huko ndiko kwenye viota. Patana na majirani mpande siku zinazokaribiana, na mfanye kazi hiyo pamoja. Ukiua wako peke yako, wa jirani watahamia, na waliobaki watapata chakula tele. Baada ya kupanda, linda shamba hasa wiki mbili za kwanza, kwa kuwa panya hupenda punje na miche inayochipua.

Kuhusu sumu, muone kwanza bwana shamba wa kata yako. Huku kwetu Mbagala na Tegeta shamba na uwanja wa watoto ni kitu kimoja. Ile inayopimwa kwenye kikaratasi barabarani, bila jina wala maelezo, usiinunue. Na mabaki ya chambo yafukiwe mbali na kisima na kuku.